Uliyewahi kuvuka kwenda Congo (DRC): karatasi gani ilikuokoa, ipi ilikuponza? Tupeane uzoefu

Wakuu, amani iwe kwenu.

Mdogo wangu amepata kazi ya ufundi mitambo Kolwezi, mji wa migodi kusini mwa Congo, anaondoka mwezi ujao. Ameniuliza swali moja tu: "Kaka, nikifika kule niwe na nini mkononi?" Siku ya tatu leo nalifikiria. Mimi mwenyewe nimeishi Lubumbashi miaka minne, na bado naona jibu langu halimtoshi, maana Congo ya Lubumbashi siyo ya Goma, na ya Goma siyo ya Kinshasa.

Congo ilikubaliwa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Machi 2022, Julai mwaka huohuo ikawa mwanachama kamili. Wengi wetu tulishangilia, tukadhani sasa tutavuka kama tunavyovuka Namanga. Haijawa hivyo. Marais wanakaa meza moja, lakini wewe ukifika kwenye dirisha la mpakani unabaki na afisa aliye mbele yako na zile karatasi ulizobeba.

Naanza na yangu. Safari ya kwanza nilikuwa na pasi, viza na ile kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Nilijiona nimekamilika. Kumbe kwenye kadi jina la baba liliandikwa mbele na langu nyuma, tofauti na pasi. Kwa hilo tu nilikalishwa kwenye benchi kuanzia asubuhi mpaka jua linazama. Aliyenitoa ni mama mmoja mfagiaji. Alinisikia nikiongea na simu, akaja: "Mwana, unatoka wapi? Hiki Kiswahili ni cha wapi?" Tukaongea. Akaingia ndani, akatoka na afisa anayecheka, pasi yangu ikagongwa muhuri. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa kule, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Pale Katanga, upande huo wa Lubumbashi, siku ya pili tu nilikuwa najiona mwenyeji.

Naomba kila mtu aeleze lililompata yeye, siyo alilosikia kijiweni. Na Wacongomani wenyewe waje, tafadhali.

Dereva wa masafa, Tunduma:

Mkuu, njia hiyo nimeipiga tangu 2011. Dar, Tunduma, Nakonde, Kapiri Mposhi, Ndola, Chingola, Chililabombwe, halafu Kasumbalesa. Kwenda napakia salfa ya migodini, kurudi shaba. Kasumbalesa nimewahi kukaa foleni siku tisa, malori yamepangana hadi huoni mwisho. Unapika chini ya tela, unaoga kwa kopo.

Lililonipata ni la mwaka ule tulipoibiwa usiku, tumeshavuka, tuko nje kidogo ya Lubumbashi. Walikuja na mapanga wakitaka dizeli. Utingo wangu alikatwa bega. Nikambeba kwa pikipiki mpaka kituo cha askari kilichokuwa karibu. Yule askari, kabla hajatazama lile bega, akanyoosha mkono: "Ordre de mission." Sikuijua. Ni barua ya mwajiri inayosema wewe ni nani, nani kakutuma, unakwenda wapi na unarudi lini, ikiwa na muhuri. Tajiri wangu alikuwa hajanipa, hata hakujua kama ipo. Kijana anavuja damu, sisi tunabishana kuhusu barua. Mwisho raia waliokuwa nje ndio waliompeleka zahanati, wakachangishana hela, Wacongomani hao, hawatujui wala hatuwajui. Utingo alipona ila mkono haunyooki vizuri mpaka leo.

Kwa hiyo mwambie mdogo wako hiyo barua aidai kabla hajapanda gari, nakala tatu. Namba ya ubalozi wetu mdogo wa Lubumbashi aiandike kwenye karatasi aiweke ndani ya kiatu, kwa sababu simu ndiyo inayoondoka ya kwanza. Na dola asibebe iliyochanika hata ncha, hakuna atakayeipokea.

Mama wa vitenge, Kigoma:

Mwanangu, mimi navuka ziwa kwenda Kalemie. Viza hatupati taabu, ubalozi mdogo wa Congo upo hapahapa Kigoma. Langu fupi: picha. Binti yangu alipiga jua linazama pale bandarini, kumbe nyuma kuna boti ya wanajeshi. Masaa manne tuko ofisini tunaulizwa ametumwa na nani. Ana miaka kumi na sita! Waliifuta, wakafuta na za harusi ya shangazi yake. Daraja, uwanja wa ndege, askari, bandari, usipige. Mzigo wangu wa samaki uliharibika siku hiyo.

Mkenya, alikuwa Kinshasa:

Kaka, umesema Kiswahili kilikufungulia mlango. Nakuamini. Mimi nitakuambia ya Kinshasa.

Nilikuwa nafanya kazi Gombe, mtaa wa mabalozi na mabenki. Kenya na Congo zilikuwa zimeondoleana viza Septemba 2023, kwa hivyo niliingia bila shida yoyote. Desemba mwaka huo Corneille Nangaa, aliyewahi kuwa mkuu wa tume yao ya uchaguzi, akazindua muungano wake na waasi wa M23 akiwa Nairobi, na Kinshasa ikamwita nyumbani balozi wake. Kuanzia hapo nikaona watu kazini wananiangalia tofauti. Siyo wote. Lakini mtu akishaanza kukuuliza "nyinyi Wakenya mnataka nini kwetu," hauna jibu, maana wewe ulikuja kufanya kazi ya kompyuta tu.

Halafu Goma, mji wa mashariki, ikaanguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025. Tarehe 28 watu wakaingia barabarani wakashambulia balozi za Rwanda, Ufaransa, Ubelgiji, Marekani, Uganda, na yetu pia. Dereva wetu, mzee mmoja mpole sana, alikuja mlangoni asubuhi akaniambia kwa Kifaransa: leo usipokee simu kwa Kiswahili. Kule magharibi wanaongea Kilingala, na vita ikipamba moto mashariki, anayeongea Kiswahili anaonekana ametoka kwa adui. Mama akanipigia kutoka Kakamega, nikamjibu kwa Kiluhya kitupu. Akaniuliza kama nina wageni, kwa sababu na yeye huwa tunachanganya. Nikasema ndiyo, niko na wageni.

Mimi nilikuwa na pasi ya kigeni na kampuni iliyonitafutia ndege. Jirani yangu hakuwa nayo. Yeye ni Mcongomani, mzaliwa wa Bukavu, amekuja Kinshasa kusoma. Alitolewa kwenye teksi kwa sababu ya sura yake na lafudhi yake. Akaonyesha kadi ya mpiga kura, ambayo kule ndiyo kitambulisho cha watu wengi. Wakasema ni ya bandia. Alirudi baada ya siku mbili. Sikumuuliza na hakusema. Alikuwa anakaa tu ngazini, akiangalia geti.

Sijaacha kumfikiria. Mimi niliitwa mgeni nchini kwa watu. Yeye aliitwa mgeni kwao.

Mwalimu wa Bukavu, sasa Burundi:

Bandugu, nitaandika vile tunaongeaka kwetu, munisamehe. Munaongea ya viza na pasipoti. Mie nilitoka Bukavu siku mbili mbele M23 iingie, ilikuwa Februari 2025, na mutoto ku mugongo na mwingine ku mukono. Tulitembea mu Plaine ya Ruzizi, lile bonde la mupaka na Burundi, usiku. Kwa muto watu walikuwa bengi sana, bengine balienda na maji. Tukafika Rugombo, Burundi, tukalala mu stade ya mupira, mvua inatunyeshea.

Mama yangu alikuwa ameshona karte yake ya uchaguzi ndani ya pindo la kitenge. Karatasi zake anazishonaka vile tangu vita ya 1996, kila kitenge kipya anakishonea. Mie nilikuwa namuchekaka. Sasa yeye njo alikuwa na karatasi, mie sina. Diplome d'État yangu, ile ya kumaliza sekondari, ilibakia ku nyumba, na jirani ananiambia nyumba ilifunguliwa, vitu vyote vilienda. Nilifundisha miaka kumi na mbili. Hapa kambini banatafuta walimu, wananiuliza: uko na diplome? Nasema niko nayo mu kichwa. Hawawezi kuandika ile.

Kijana wa Nyarugusu:

Nami niweke langu, ingawa sijawahi kuvuka kwenda Congo. Nimezaliwa hapa Nyarugusu, Kigoma. Kambi hii ya wakimbizi ilifunguliwa 1996, wazazi wangu Wabembe walitoka Fizi, Congo. Nimesoma hapa, naongea kama nyinyi, naishangilia Simba kama nyinyi. Lakini kwenda mjini Kasulu kununua daftari nahitaji kibali, na nikikutwa bila kibali ni kosa.

Familia yetu ilifanya usaili wa kwenda Marekani miaka mingi. Mwishoni mwa 2024 tukapimwa afya, tukaambiwa tujiandae. Baba akauza mbuzi na kitanda, kiwanja tukamwachia jirani. Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, safari ikafutwa. Tuna bahasha nyeupe yenye picha zetu za mapafu. Baba analala kwenye mkeka, na ile bahasha ameiweka chini ya mto.

Mnaouliza karatasi gani ni muhimu Congo, mimi nauliza: mimi ni wa wapi? Congo siijui. Tanzania ndiyo nchi pekee niliyoiona, na sina ruhusa ya kuiona yote. Naomba mnijibu, siulizi ili kulaumu.

Mleta uzi:

Ndugu zangu, nimesoma huku mdogo wangu amekaa pembeni. Ameandika: kadi ya chanjo ilingane na pasi, ordre de mission nakala tatu, namba kwenye kiatu, picha hapana. Akifika kituo kingine zaidi ya Katanga, asikilize kwanza watu wanaongea nini.

Kijana wa Nyarugusu, swali lako sina jibu lake. Nimekuwa nikipita Kasulu kwenda kwa wakwe kila mwaka na sikuwahi kujua kwamba mwenzangu wa rika la mwanangu anahitaji kibali kufika pale nilipoegesha gari. Nisamehe kwa kutokujua. Mimi nakuona wa hapa.

Mkenya, ahsante. Nilipoandika kwamba nilijiona mwenyeji siku ya pili, sikuwa nimemfikiria mtu kama jirani yako.

Dada wa Bukavu, nina rafiki mwalimu Lubumbashi, anafahamu jinsi ya kufuatilia matokeo ya zamani ya mtihani wa taifa. Siwezi kukuahidi. Lakini niambie mwaka uliofanya na mchepuo. Jina lako na la shule usiliweke hapa, nitumie pembeni.

Mwalimu wa Bukavu:

2009, pédagogie générale. Asante, kaka. Nakutumia sasa hivi, batri iko karibu kuisha.