Tupeane uzoefu: Kutuma pepa ya utafiti kwenye jarida ukiwa Kigoma au Tabora, ulikwama wapi?

Mgebuka Mkavu
Wakuu habari za jioni. Leo nimepita kwa dogo mmoja hapa Mwanga nimemkuta anagombana na mfumo wa jarida, kila akipandisha faili unamkatalia eti jina la mwandishi linaonekana ndani wakati mapitio ni ya kuficha majina. Kashafuta jina kila ukurasa, kumbe limebaki kwenye taarifa za faili lenyewe la Word huko ndani. Nikakumbuka mbali sana. Haya tuambizane, wewe ulikwama wapi?

Reli ya Kati
Wa Tabora tupo. Ngoja nikae vizuri.

Kibirizi Usiku
Mimi kilichonitesa ni mwezi. Wa angani, sio wa mshahara. Tulikuwa tunachukua sampuli za dagaa pale Kibirizi mwaka mzima, sasa mnajua dagaa wanavuliwa usiku kwa taa na mbalamwezi ikiwaka mitumbwi haitoki maana taa haivuti kitu, wavuvi wanashona nyavu na kulala. Kwa hiyo kwenye data kila mwezi kuna pengo. Huku kwetu hilo hata mtoto wa darasa la pili analijua, nani angeliandika?

Pepa ikaenda. Rivyuwa (msomi anayeipitia pepa kabla haijachapishwa) wa kwanza akasifia mistari mitatu akamaliza. Wa pili (daima ni wa pili) akashusha aya nzima kwamba mapengo yana mpangilio, anahisi tumechagua siku zenye samaki wengi. Aisee nilipandwa, nikaandika jibu la kumtukana kistaarabu, prof wetu akalifuta lote akasema weka sentensi mbili kwenye mbinu za utafiti, weka kalenda ya mwezi kwenye kiambatisho, mshukuru, songa. Tukafanya. Akarudi tena! Mnasema dagaa wanapungua kwa sababu ya nyavu, mbona joto la ziwa hamjaligusa? Akatuelekeza kwenye ile pepa ya jarida la Nature ya 2003 inayosema maji ya juu ya Tanganyika yakipata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini, virutubisho vinabaki kilindini, uzalishaji wa mwani wakaukadiria kushuka kama asilimia 20, na kwa samaki wakakisia kama asilimia 30. Hapo alitushika. Sehemu ya majadiliano tuliandika upya yote na ukweli ni kwamba ilitoka nzuri kuliko ile ya kwanza, ila simpendi mpaka leo.

Binti Ujiji
"Simpendi mpaka leo" 😂😂 chai imemwagika huku

Mdau wa Katonga
Wewe ulipona. Mimi rivyuwa alitaka niongeze sampuli za Juni na Julai 2024. Ziwa lilikuwa limefungwa kuvua kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, nchi zote nne, nizitoe wapi? Nikamwambatishia tangazo la serikali. Akajibu neno moja tu, sawa.

Mnyamwezi wa Kaliua
Watu wa Kigoma kwa kulalamika. Umeme wa gridi mmeshapewa, intaneti ipo, bado mnalia na mwezi.

Kibirizi Usiku
Mkuu umeme umeingiaje hapa? Na kwa taarifa yako miaka ya majenereta ndiyo niliyoandikia masta, mfumo unakutoa ukikaa kidogo bila kubonyeza, umeme ukikata unaanza upya, majina, vyeo, barua pepe za waandishi wenza wote. Wewe wa gridi huwezi kuelewa.

Mnyamwezi wa Kaliua
Gridi ipi Kaliua ndanindani huku, acha masihara.

Nesi wa Zamu
Achaneni na umeme. Wa afya nisikilizeni. Namba ya kibali cha maadili jarida litaiuliza, na kibali hakiombwi data ikishakusanywa, hakuna ujanja hapo. Halafu soma masharti kwenye cheti cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) mpaka mwisho, kuna lile la kuomba ruhusa kabla ya kuchapisha matokeo. Wengi hawalioni. Mwenzangu kwenye kituo fulani pepa ilishakubaliwa ndio anakimbizana na barua ya ruhusa, na mhariri naye anamsubiri.

Reli ya Kati
Naongezea, piga namba za mistari kwenye muswada. Rivyuwa bila namba za mistari anakasirika bure.

Dokta Mtarajiwa
Ushauri wangu tuma jarida kubwa kwanza, wakikataa unashuka chini taratibu. Maoni yao ni bure.

Mwalimu Mstaafu
Mwanangu, usimdanganye mwenzio. Jarida kubwa likikataa mezani kwa mhariri hupati maoni yoyote, unapata barua ya mistari minne inayofanana na ya kila mtu. Soma kwanza wanachapisha nini. Kazi ya sayansi ya hapa nyumbani peleka Tanzania Journal of Science, ya afya ipo Tanzania Journal of Health Research. Hapo wasomaji wako wapo.

Dokta Mtarajiwa
Shikamoo mwalimu. Lakini kamati ya cheo inaangalia kielekezi cha jarida, yaani linanukuliwa kiasi gani, haiangalii wasomaji.

Asali Mbichi
Nilikuwa nasoma kimyakimya ila neno cheo limenigusa pabaya. Samahani ni ndefu.

Utafiti wangu wa masta ulikuwa wa kuni za kukaushia tumbaku ya mvuke, Urambo. Nimepima kuni bani kwa bani (banda la kukaushia), wakulima wengine hawataki upime maana wanadhani ni mtu wa misitu, nimelala kwenye nyumba za watu, picha za mabani nimepiga mwenyewe. Nikamaliza, nikaandika pepa, msimamizi wangu akasoma akasahihisha akaniambia tuma. Nikatuma jarida moja linaloeleweka, mimi mwandishi wa kwanza yeye wa pili. Ikaenda kwa marivyuwa, maoni yakarudi mazuri, nikarekebisha nikarudisha. Nikawa nasubiri kukubaliwa. Nimeshamwambia mama.

Inakuja barua pepe ya mhariri, baridi. Kwamba ukaguzi wa mfanano umeonyesha muswada huu karibu wote umeshachapishwa sehemu nyingine, naomba maelezo. Na kiungo chini. Nafungua. Pepa yangu. Kichwa kimegeuzwa maneno mawili, picha za mabani zile zile, hata kosa la tahajia kwenye jedwali la tatu lipo. Mwandishi wa kwanza msimamizi. Wa pili mtu ambaye sijawahi kumsikia maishani. Wa tatu mimi, jina la ukoo limekosewa.

Jarida lenyewe ni yale yanayoandikia kila mtu "mheshimiwa profesa mkubwa" na kukubali pepa kabla hujafunga kompyuta. Nikawaandikia waitoe, wakajibu inawezekana ila kuna ada ya kuondoa, kwa dola. Nikampigia msimamizi. Anasema nilikusaidia, dirisha la kupanda cheo lilikuwa linafungwa, na jina lako si nimeliweka?

Binti Ujiji
Eeh! "Si nimeliweka"!!

Reli ya Kati
Nimeishiwa maneno. Yule wa pili ni nani sasa?

Asali Mbichi
Mpaka sasa sijui.

Mzee wa Kanuni
Tusimhukumu mtu kwa kusikia upande mmoja. Msimamizi anatoa wazo, anasoma rasimu, ana haki ya jina.

Nesi wa Zamu
Ya jina anayo, nani kakataa? Miongozo ya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, inasema kila mwandishi aidhinishe toleo la mwisho kabla halijachapishwa. Dada kaidhinisha nini hapo? Na yule mgeni wa pili kachangia nini?

Mzee wa Kanuni
Hiyo ICMJE ni ya madaktari. Hii ni tumbaku.

Nesi wa Zamu
Kwa hiyo kwenye tumbaku ruksa kuiba?

Mgebuka Mkavu
Jamani taratibu.

Dokta Mtarajiwa
Ila tuseme kweli, majarida ya wazungu yanataka ada ya kuchapisha dola 2,000 na zaidi, mtu akikimbilia la dola 100 mnamuita mwizi. Wote si wanauza?

Mwalimu Mstaafu
Ada siyo kosa. Ukichukua pesa na hakuna aliyesoma pepa, hilo ndilo kosa. Na hizo 2,000 wengi wetu hatupaswi kulipa. Majarida ya wazi kabisa (kila pepa inasomwa bure) ya wachapishaji wengi wakubwa yanasamehe ada kwa nchi za kundi A la Research4Life, ule mpango wa kuzisaidia nchi za kipato cha chini kupata majarida, Tanzania imo. Yale ya mseto, yenye pepa za bure na za kulipia kusoma, hayamo. Omba wakati unatuma, usingoje wakukubali ndio uanze kulia. Jarida ukilitilia shaka litafute DOAJ (orodha ya mtandaoni ya majarida ya wazi), na ukilikuta humo bado fungua pepa zake mbili tatu uzisome.

Mdau wa Katonga
Mimi naliandikia jarida swali la kijinga kabla ya kutuma. Wakijibu kwa dakika tano usiku wa manane, nakimbia.

Mnyamwezi wa Kaliua
Dada Asali, usilipe hiyo ada ya kuondoa. Wakishaionja watarudi tena.

Mzee wa Kanuni
Alipe aimalize, ajiokoe na pepa yake.

Nesi wa Zamu
Asilipe! Mjibu mhariri ukweli wote, ambatisha rasimu zako zenye tarehe, barua pepe ya msimamizi aliyosema tuma, picha za mabani zile halisi kutoka kwenye kamera. Wahariri wanaofuata COPE, ile kamati ya maadili ya uchapishaji, hawawi mahakimu, wanaandikia taasisi ndiyo ichunguze.

Asali Mbichi
Nimeshajibu. Mhariri amesitisha pepa, ameandika chuoni. Leo asubuhi msimamizi kanipigia, sauti ya upole kabisa, anasema Jumamosi nije nyumbani kwake tuyamalize kifamilia, mke wake atapika.

Binti Ujiji
Usiende.

Mwalimu Mstaafu
Mwambie utakutana naye ofisini, na mkuu wa idara awepo. Kwa maandishi.

Reli ya Kati
Nenda ila urekodi.

Mzee wa Kanuni
Kumrekodi mtu bila ridhaa nako ni kesi.

Mnyamwezi wa Kaliua
Akuletee kwanza yule mwandishi wa pili tumuone sura.