Nyumba Nyegezi, ziwa liko upande wa machweo: kiyoyozi kikae ukuta gani?

MjengoNyegezi

Wakuu, habari za jioni. Nyumba ipo Nyegezi, Mwanza, imeshaezekwa, bado plasta. Mbele inatazama ziwa, yaani magharibi. Nataka mabomba ya viyoyozi viwili yapitishwe kabla kuta hazijafungwa.

Sebule iko kona ya kaskazini, mita 5 (kaskazini-kusini) kwa 4.5. Masta iko kona ya kusini, mita 4 (mashariki-magharibi) kwa 3.6, kichwa cha kitanda ukuta wa kusini, mlango mashariki. Vyote vina dirisha kubwa la ziwani.

Fundi anataka kuviweka vyote juu ya madirisha ya ziwani, kwamba bomba litakuwa fupi na injini ya nje itakaa nyuma yake palepale. Halafu ramani niliitoa mtandaoni, ilichorwa kwa nchi za baridi, ina alama ya radieta chini ya kila dirisha. Nafasi hizo zinanisaidia chochote? Naomba ushauri: ukuta upi, kimo gani, BTU (kipimo cha nguvu ya kupoza) ngapi, na maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi yatoke wapi.

---

FundiBaridi

Mkuu, zile alama za radieta zifute. Kule kwenye baridi, kioo cha dirisha hupoza hewa inayokigusa, hewa hiyo huwa nzito na kuteremka hadi miguuni. Radieta inakaa chini ya dirisha ili joto lake lipande na kuizuia. Kwako tatizo la dirisha ni jua la saa tisa hadi saa kumi na mbili, na hilo huzuiwa nje ya kioo. Likishapita kioo, joto limeshaingia ndani.

Juu ya dirisha la magharibi hapafai. Kihisi cha joto kimo ndani ya kiyoyozi, kwenye hewa inayorudi. Pazia lililopigwa na jua hupandisha hewa ya moto moja kwa moja hadi pale, mashine inadhani chumba kizima kinaungua, inafanya kazi bila kupumzika na umeme wa LUKU unakwisha. Pili, juu ya dirisha ndipo ilipo lenta, ile boriti ya zege yenye nondo. Tundu la bomba ni kama milimita 65, na fundi akilichimba hapo atakutana na nondo na kuikata. Nyumba mpya usianze kwa kuikata nondo.

Sebule: weka ukuta wa kaskazini, katikati. Hewa ipulizwe kwa urefu, zile mita 5, ifike mwisho wa chumba kabla ya kushuka. Usiweke kabati refu mbele yake, kwa sababu baridi itagonga na kurudi kwenye kihisi, mashine itazima mapema wakati nyie kwenye makochi bado mnatoka jasho.

Masta: ukuta wa kusini, lakini si juu ya kichwa cha kitanda. Kitanda cha futi 5 kwa 6 kina upana wa kama mita 1.5. Ukikiweka katikati ya ukuta wa mita 4 unabaki na mita 1.2 na kidogo kila upande. Kiyoyozi cha 9,000 BTU kina upana wa kama sentimita 80, kwa hiyo kinaenea pembeni, upande wa ziwa, na nafasi ya sentimita 15 kila ubavu. Kitapuliza kando ya kitanda hadi ukuta wa kaskazini. Ukikiweka mkabala na kitanda, mtaamka koo limekauka. Juu ya kichwa, siku bomba la maji likiziba maji yatadondokea mto.

Kimo: chini ya kiyoyozi kiwe mita 2.2 hadi 2.4 kutoka sakafuni, na juu yake sentimita 15 hadi silingi. Hewa inaingilia juu, kwa hiyo ukikibana silingini umeiziba pua.

Ukubwa: mimi naanzia 600 BTU kwa kila mita ya mraba. Masta ni mita za mraba 14.4, inatoka 8,640, basi 9,000. Sebule 22.5, inatoka 13,500. Ukiongeza jua la magharibi, chukua 18,000 ya inveta, ile inayopunguza kasi badala ya kuzima na kuwaka. Usiruke kwenda 24,000. Mashine kubwa mno hupoza haraka na kuzima kabla haijakausha unyevu, na kando ya ziwa unyevu ndio unaochosha. Chumba kinakuwa baridi lakini shuka zinanata.

---

UpepoWaZiwa

Naongezea jambo linalotangulia kiyoyozi. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, kwako magharibi, upande uleule wa jua la jioni. Usiku hugeuka, hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Kwa hiyo dirisha la ziwani peke yake halitakupoza masta usiku, hewa inataka njia ya kuingilia upande wa mashariki. Acha tundu juu ya mlango, sentimita 40 kwenda juu, upana wa mlango, lenye wavu na kibao cha kufungia. Kiyoyozi kikiwashwa unalifunga. Usiku wa Mwanza mara nyingi unateremka chini ya nyuzi 20, hivyo masta ikipitisha hewa vizuri utaiwasha mashine siku chache tu.

Dirisha la aluminiamu la kusukuma hufunguka nusu tu. Upana wa mita 1.8 unakupa 0.9, halafu wavu wa mbu unapunguza tena. Upande wa ziwa weka yanayofunguka yote kama mlango.

Jua la magharibi huja likiwa chini, ukingo wa paa haulizuii. Weka baraza lenye mapazia ya matete, au mbao za kusimama nje ya dirisha.

---

MjengoNyegezi

Nimewaelewa sana. Injini za nje basi zikae kusini na kaskazini? Na maji?

---

FundiBaridi

Ndiyo, na bomba linabaki fupi vilevile. Hapa Mwanza mchana jua liko karibu utosini, kwa hiyo kuta hizo mbili paa likitokeza sentimita 60 zinapata kivuli. Acha sentimita 30 nyuma ya injini na angalau mita 1 mbele. Usiifungie ndani ya kizimba cha grili nzito, itakuwa inavuta joto lake yenyewe. Ila bomba fupi mno nalo ni kosa: viwanda vingi vinataka angalau mita 3, chini ya hapo mlio na mtetemo huingia ndani.

Usifunge taa ya ulinzi juu ya injini. Wale wadudu wa ziwani wanaopaa kama wingu la moshi hufuata taa, feni inawavuta na wanagandamana kwenye mapezi ya nyuma, vile vibati vyembamba, hadi hewa haipiti. Ukiona nyuma kumekuwa kama blanketi la kijivu, zima breka, mwagia maji ya mpira taratibu kutoka ndani kwenda nje. Mashine ya kuoshea magari inalaza mapezi.

Maji: PVC ya milimita 25, mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, bila kupanda popote. Kabla ya plasta mimina lita moja juu na uhesabu inayotoka. Mwisho wake uning'inie juu ya kokoto. Ukiunga kwenye bomba la choo, harufu na mende vitapanda chumbani.

Mabomba ya shaba yote mawili yavikwe sponji, kila moja lake, na ncha zifungwe tepu ili saruji isiingie. Siku ya kufunga, kataa mabomba kusafishwa kwa kuachia gesi. Iwe pampu ya vakyumu, dakika 20 hadi 30, kwani unyevu ukibaki huchanganyika na oili na kuua kompresa. Kupima uvujaji ni kwa naitrojeni. Oksijeni ya kuchomelea ikikutana na oili inalipuka, mfukuze anayekuja nayo.

---

WayaMbiliNukta

Umeme: kila kiyoyozi na njia yake kutoka kwenye bodi, waya wa milimita za mraba 2.5, breka ya 16A kwa 9,000 na 20A kwa 18,000. Swichi ya kukatia iwe karibu na injini ya nje. Umeme ukiyumba, kifaa cha kulinda kiwe na subira ya dakika 3 kabla ya kuwasha tena.

Angalia na ethi, fimbo ya chuma inayopeleka umeme unaovuja ardhini. Nyegezi unaweza kuchimba nusu mita ukakuta jabali, na mafundi hukata fimbo ya mita 1.2 ikabaki kipande. Ikigoma, ilazwe kwenye mtaro wa sentimita 60 kwenda chini, au zipigwe mbili mahali penye udongo na ziungwe, kisha zipimwe kwa mita ya kupimia ethi. Usilipe kabla hujaona namba kwenye mita.