Kadi ya harusi: jina la bwana harusi halisomeki

Mchapakadi wa Chake:
Asalam alaykum. Mie nachapa kadi za harusi hapa Chake Chake, kazi ya chumbani tu, kompyuta moja na printa moja. Juzi nimetoa kadi 200 za binti wa jirani. Nikaona majina niyapambe: fonti ya Edwardian Script, herufi kubwa tupu, rangi ya dhahabu, na nikaziachanisha kidogo zienee kwenye kadi. Kwenye kioo zilipendeza kweli. Mama wa bibi harusi kavaa miwani, kavua, kavaa tena: "Mwanangu, huyu anayeoa ni Khamis au nakshi ya mlango?" Sasa nazichapa upya kwa pesa yangu. Fonti mbovu au mie?

Fundi Mkunazini:
Waalaykum salaam. Fonti haina kosa, sheikh. Herufi kubwa za khati ile kila moja imechorwa itangulie herufi ndogo, kama bwana harusi na wapambe wake. Wewe umepanga mabwana harusi sita mstari mmoja! Andika Khamis, K peke yake iwe kubwa. Na huko kuziachanisha ndiko kutakakokumaliza hata ukitumia ndogo, maana zina mikia ya kushikana. Si ushaona Bismillahi iliyochapwa na programu isiyojua Kiarabu, herufi zimekatikakatika? Basi ndo hivyo hivyo. Nafasi iache sifuri.

Bi Wino:
Na dhahabu mbona hamuisemi? Khati hizi zimetokana na kalamu ya Waingereza wa zamani: ukishuka unakandamiza, ukipanda unagusa tu. Kule kupanda ndiko kunakotoa mstari mwembamba kama unywele, na unywele wa rangi ya njano juu ya karatasi ya krimu hauonekani. Enzi za kuchapa kwa herufi za madini ya risasi, kila herufi ilikuwa na kipande chake, kuziunganisha ilikuwa kazi. Matthew Carter, mchora fonti, alipochora khati ya aina hii iitwayo Snell Roundhand miaka ya 1960, akifuata mwandiko wa Charles Snell, mwalimu wa khati wa London, upangaji wa herufi kwa filamu ya picha, badala ya risasi, ndio uliomruhusu kuzilaza herufi moja juu ya nyingine. Na kwa ule wembamba wa mistari, khati hizi zinataka saizi kubwa. Majina tu; tarehe na mahali weka fonti ya kawaida.

Mtu wa Kanga:
Jina la kanga nalo huandikwa herufi kubwa za wazi. Msomaji yuko nyuma yako, na wewe unatembea.

Mchapakadi wa Chake:
Nimejaribu usiku huu. Majina saizi 36, dhahabu nimeikoleza mpaka inakaribia kahawia, saa na msikiti kwa fonti ya kawaida. Mama kasoma bila miwani. Ila kasema hiyo K imekaa kama ndoana ya changu.