Binti yangu halali usiku kwa sababu ya simu, naomba ushauri

Habari zenu ndugu zangu. Nina binti wa miaka 15, yuko kidato cha pili, shule ya kutwa hapa Dar. Saa 11 alfajiri lazima awe ameamka awahi daladala. Juzi niliamka saa 8 usiku kwenda msalani, nikaona mwanga chini ya shuka: yuko TikTok, macho mekundu, kidole kinapandisha video tu. Kumbe yeye na wenzake husubiri saa 6 bando la usiku lianze maana ni rahisi, ndipo kundi lao linachangamka. Umri huu unahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, wangu anapata saa 3! Mwalimu wa darasa ameshaniita, anasinzia vipindi vya asubuhi.

Nilimnyang'anya simu, akanuna siku nne, kisha akawa anaazima ya dada yake. Nikasema simu zote zilale sebuleni kuanzia saa 3, lakini kazi za shule nazo zinatumwa WhatsApp, tena usiku. Hapo ndipo nakwama. Kumpiga sitaki, ni mtoto mzuri, naona anaogopa tu kupitwa na wenzake.

Mliopitia hili, mlifanyaje hadi mtoto akakubali mwenyewe kuacha simu nje ya chumba? Na usingizi ulichukua muda gani kurudi? Maana sasa hata akiizima, anakaa macho hadi saa 7.