Gari inachemsha foleni ya Mwanakwerekwe, njia ikiwa nyeupe inatulia. Nifanyeje?

Mama wa Fuoni
Asalaam alaykum wenzangu. Nna kigari cha Kijapani, injini yake cc 1300, kila asubuhi nawapeleka watoto skuli mjini Unguja. Tangu kaskazi kuingia, nikikwama kwenye foleni ya Mwanakwerekwe inawaka ile taa nyekundu ya joto, na AC inaanza kutoa upepo wa moto. Foleni ikifunguka nikashika mwendo, taa inazima na ubaridi unarudi. Jumamosi nimekwenda Nungwi, mwisho wa kisiwa, na kurudi, haikuwaka hata mara moja.

Fundi wa kwanza kanitolea temostati, kasema hiyo ni ya nchi za barafu, sisi huku haina kazi. Elfu ishirini. Taa bado inawaka. Wa pili anataka afungue slinda hedi, kile kichwa cha injini, abadilishe gasketi yake, laki nne na nusu. Ndo nikaona niulize kabla sijatoa pesa. Maji ya rejeta yakipungua naongeza ya kisima chetu.

Kijana wa Amani
Uza, nunua vespa. Haina rejeta wala foleni.

Fundi Mstaafu
Usimsikilize huyo, bibie. Na laki nne usitoe.

Gari ikitembea, upepo wa njiani unapita kwenye rejeta na kuyapoza maji. Ikisimama, upepo huo haupo, kazi yote inabaki kwa feni. Yako inachemsha ikisimama tu, na AC inaharibika saa hiyo hiyo, kwa sababu kondensa, yaani rejeta ya AC yenyewe, imekaa mbele ya rejeta ya maji na feni inazihudumia zote mbili. Gasketi ingekuwa imeungua, ile safari ya Nungwi usingeimaliza salama. Kwa hivyo: simamisha gari, injini iwe inawaka, washa AC, fungua boneti utazame feni. Kama haizunguki, ugonjwa ndo huo. Mkono usitie, feni ya umeme huanza bila ya kubisha hodi.

Gari za zamani feni ilizungushwa na injini yenyewe. Hizi za sasa inaamrishwa na kompyuta. Kuna sensa imezama ndani ya maji. Yakikaribia nyuzi 100 hivi kompyuta inaipa umeme relei, yaani swichi ya umeme, feni inazunguka, yakipoa inazima. Ukiwasha AC inatakiwa izunguke hata maji hayajapata moto. Baina ya kompyuta na feni pana fyuzi, relei, soketi za waya na mota, na kwa hewa yetu ya chumvi hapo ndipo kutu inapojificha. Aanze na fyuzi, ndo rahisi.

Temostati irudishe. Ndani yake mna nta. Maji yakiwa baridi imefunga, yanazunguka ndani ya injini tu ili ipate moto upesi. Yakifika nyuzi 82 hivi nta inavimba na kufungua njia ya rejeta. Tena kwenye injini nyingi za Kijapani, inapofungua huku inaziba kule, kwenye njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na maji mengine ya moto yanarudi kwenye injini bila ya kuiona rejeta. Umeitoa kwa kukimbia joto, kumbe umelikaribisha.

Dereva wa Bububu
Mzee wangu, kwa heshima, mimi natembea bila temostati mwaka wa nne huu, haijachemsha.

Fundi Mstaafu
Na mafuta unatia ya shilingi ngapi kwa wiki? Ukiwa kwenye njia nyeupe injini yako inakaa baridi mno, kompyuta inadhani ndo kwanza imewashwa, inazidi kuimwagia petroli.

Dereva wa Bububu
Hapo umenipata.

Mpemba wa Wete
Mimi la maji ya kisima ndo limenishitua. Visima vyetu vingi vina chokaa. Tazama birika lako ndani. Chokaa ile ile inagandana kwenye vijibomba vya rejeta. Kwetu huku milima mitupu, rejeta ikiziba nusu tu unajua kabla hujafika juu. Tia kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, inazuia kutu, na inachelewa kuchemka kuliko maji matupu. Na maji yanayopungua kila mara yana pa kutokea, tazameni na mipira na mfuniko. Ule mfuniko unayabana maji yakae na presha, ndo maana yanapita nyuzi 100 bila ya kuchemka. Kwa hivyo usiufungue gari ikiwa ya moto, dada yangu. Presha ikitoka ghafla, maji yote yanachemka kwa mpigo. Nna kovu mkono wa kulia, kutoka kiwiko mpaka kidole gumba.

Mama wa Fuoni
Pole sana kaka. Temostati ninayo, fundi alinipa, nimeitia kwenye droo ya vijiko. Nitajuaje kama nzima?

Fundi Mstaafu
Ifunge uzi, ining'inize ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, washa jiko. Maji yakikaribia kuchemka inatakiwa ifunguke, yakipoa ijifunge.

Mama wa Fuoni (siku tatu baadaye)
Nimerudi. Feni ilikuwa haizunguki kabisa. Fundi umeme kakuta fyuzi nzima, relei nzima, mota ndo imekufa, kaboni zinazoipelekea umeme ndani zimelika mpaka mwisho. Tumetia nyengine ya mtumba, elfu sitini na ufundi wake. Mpira mmoja ulikuwa unavuja kwenye klipu, umebadilishwa, na kulanti imetiwa. Leo nimekaa foleni dakika ishirini na tano, watoto wamelala nyuma kwa ubaridi.

Temostati ilifunguka ndani ya sufuria kama ulivyosema, polepole kama chaza, imesharudi kwenye gari. Ila mama mkwe aliingia jikoni akaniona nimeshika uzi juu ya mvuke, akauliza napika nini. Mpaka leo chai ya sufuria ile hanywi.