Coaster za Mbagala: kwanini moja inadumu miaka na mwenzake inakufa mapema?

SitiYaInjini:
Wadau habari za jioni. Mimi mpenzi wa daladala toka utotoni, nimekulia Mbagala Rangi Tatu na mpaka leo nikipanda Coaster siti ninayoitafuta ni ile ya mbele kwenye injini, juu ya lile boneti lililofunikwa kapeti. Najua wengi wanaikimbia kwa joto, mpaka ufike Kariakoo mapaja yameiva, ila pale ndo unamwona suka anavyofanya kazi, anavyoingiza gia bila kukwaruza, na injini unaisikia inavyohema chini yako.

Sasa swali. Kuna Coaster mbili nazijua miaka mingi, zimeingia ruti ya Rangi Tatu–Kariakoo kipindi kimoja, zote zile za zamani toka Japani zenye mlango wa kukunja. Moja mpaka leo iko barabarani, alfajiri inawaka kwa stata moja tu. Nyingine mwezi uliopita nimeikuta gereji imepandishwa juu ya mawe, haina hata vioo, roho iliniuma kweli. Ruti ile ile, foleni ile ile ya Mtongani na Aziz Ali. Kinachoua daladala ni nini hasa, injini, ruti au mtu? Na wakongwe mnisaidie, DCM zilikuwa gari gani maana nazikumbuka kwa mbali sana.

FundiTandika:
Mkuu umenigusa, hizi gari ndo maisha yangu. Coaster nyingi za umbo lile lililoanza 1993 zilizokuja kwetu zina injini ya 1HZ, dizeli, silinda 6, lita 4.2, haina tabo, ni ile ile iliyomo kwenye Land Cruiser za porini, kwa hiyo spea zipo mpaka mikoani na fundi yeyote aliyekomaa anaijua kwa kupapasa tu. Nissan Civilian nyingi nazo zina TD42, silinda 6 na lita 4.2 pia, ile ya Patrol. Hizi injini mbili hazifi kwa kukimbia, zinakufa kwa kuchemsha.

Na kinachochemsha mara nyingi ni maji. Dar hii visima vingi ni vya chumvi, sasa mtu rejeta imepungua maji anaomba kidumu kwa muosha magari anamimina, kesho tena, kesho kutwa tena. Ukija kufungua hiyo rejeta unakuta njia zimeziba, kuna ukoko mweupe na kutu, maji hayapiti. Gari ikiwa inatembea upepo unaisaidia, ikikaa foleni nusu saa imejaa watu mpaka mlangoni mshale wa joto unapanda, gasketi ya silinda hedi inaungua, hedi inapinda. Hapo tajiri, yaani mwenye gari, akiambiwa gharama anaona bora auze vipande. Naamini hiyo yako iliyopandishwa kwenye mawe imepita humo humo.

Kumbakumba74:
Vijana hamjambo. Nijibu la DCM. Hizo zilitoka India, DCM ni kifupi cha Delhi Cloth Mills, kampuni ya nguo kabisa, ikaingia ubia na Toyota miaka ya 80 kuunda magari madogo ya mizigo. Huku kwetu zikaja zimeundwa bodi za abiria, na watu tukazoea hivyo hivyo, basi lolote la ukubwa ule tunaliita DCM hata kama ni la kampuni nyingine.

Kabla ya hapo tulikuwa na UDA, shirika la mabasi ya Dar, iliyozaliwa 1974 baada ya kampuni ya mabasi ya DMT kugawanywa, huku UDA ya mjini na kule KAMATA ya mikoani. Ikarus zake ndefu za kutoka Hungaria, zile zenye kiungo katikati kama akodiani, tuliziita kumbakumba kwa sababu zilikuwa zinakomba kituo kizima. Mimi nilikuwa napenda kusimama pale pale kwenye kiungo, gari ikikata kona sakafu inazunguka chini ya miguu yako. Mabasi yalipopungua watu wakawa wanabebwa na magari ya binafsi kwa kuibia mpaka serikali ilipoyaruhusu 1983, nauli ilikuwa shilingi tano, yaani dala, ndo jina likabaki. Chai maharage, zile daladala za zamani, nazo tulikaa humo kwenye mabenchi tunatazamana, mvua ikinyesha unakula maji na jirani yako.

suka_wa_alfajiri:
Mzee wangu Kumbakumba shikamoo, umenikumbusha marehemu baba.

SitiYaInjini ngoja nikujibu kama dereva, nimeendesha daladala miaka 14 na sita kati ya hiyo nilikuwa na Coaster moja. Fundi kasema kweli kuhusu maji ila maji hayajimwagi yenyewe, kuna mtu anayamwaga. Mimi naamka saa tisa usiku, kabla sijapiga stata nafungua rejeta nacheki maji, navuta kijiti cha oili, nazunguka nagonga matairi. Nina madumu mawili ya maji ya bomba toka nyumbani na konda wangu alikuwa anajua hayo hayagusiki hata kwa kunawa. Gari inaongea mkuu. Ya kwangu feni beliti ikilegea kulikuwa na mlio mwembamba kama jogoo mdogo, abiria hawausikii, mimi nikiwa Zakhiem nimeshaujua.

Sasa siku moja nikaugua malaria, gari akapewa deiwaka, dereva wa kushikia kwa siku. Sijamlaumu sana, deiwaka kapewa siku moja, hesabu ya tajiri, ile pesa anayopelekewa kila siku, iko pale pale, mafuta yake, konda wake, na yeye nyumbani anasubiriwa. Mshale ukapanda maeneo ya Uhasibu, yeye akasema nimalize hii tripu kwanza. Akaimaliza. Niliporudi hedi ilikuwa mezani kwa fundi. Nilikaa pembeni ya ile gari sikuongea na mtu karibu saa nzima.

Mama Wawili wa Kizuiani:
Kaka suka pole sana ila mimi siwaachii matajiri wapite hivi hivi. Kama hesabu ni ile ile mvua iwe imenyesha au haijanyesha, foleni iwepo au isiwepo, huyo deiwaka angesimamaje Uhasibu? Angeshusha abiria, arudishe nauli, jioni alipe na nini? Mimi abiria wa kila siku, asubuhi nageuza nalo, yaani napanda likielekea mwisho wa ruti ili nipate siti, nalipa mara mbili, nayaona haya kwa macho. Gari ya dereva anayeendesha mwenyewe ya kwake utaijua hata kabla hujapanda, haikati ruti, madirisha yanafunguka.

suka_wa_alfajiri:
Dada yangu hapo sibishi. Tajiri wangu yule alikuwa muelewa, siku ya gari kukaa gereji hakunidai hata mia, na ndo maana ile Coaster ilirudi barabarani.

SitiYaInjini:
Asanteni sana, mzee Kumbakumba shikamoo uipokee kutoka kwetu sote. Suka, ile gari yako ilikuwa na mlio kama jogoo na konda alikuwa anagonga bodi mara mbili kwa pete? Kama ndiyo, basi hiyo ndo ile moja iliyobaki, jana asubuhi nimeipanda.

suka_wa_alfajiri:
Mkuu ya pete umeijulia wapi. Mwambie aliyenayo akaze feni beliti.