Je, ni haki kumwita Domenico Modugno mwimbaji wa wimbo mmoja?

Swali:
Habari zenu, ndugu. Kila ninapotaja jina la Domenico Modugno, mwimbaji na mtunzi wa Italia, watu huniimbia kiitikio cha "Nel blu dipinto di blu", ule tuliozoea kuuita "Volare", kisha mazungumzo yanaishia hapo. Je, mtunzi huyu hakuacha kingine cha maana?

Jibu la kwanza:
Ndugu, wimbo huo, ambao maneno yake aliyaandika pamoja na Franco Migliacci, ulishinda tamasha la nyimbo la Sanremo, huko Italia, mwaka 1958. Huko Hilversum, Uholanzi, katika shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, Eurovision, la mwaka huohuo, uliambulia nafasi ya tatu tu, lakini nchini Marekani ulikaa kileleni mwa chati ya Billboard kwa wiki tano, na mwaka 1959 ukapata tuzo mbili katika Grammy za kwanza kabisa. Hata hivyo, Modugno alishinda Sanremo mara tatu zaidi, mwaka 1959, 1962 na 1966, na mtu wa wimbo mmoja hafanyi hivyo.

Jibu la pili:
Naafiki, ila mimi nisingempima kwa tuzo. Alizaliwa mwaka 1928 Polignano a Mare, mji wa pwani ya Puglia, kusini mwa Italia, akasomea uigizaji Roma, na nyimbo zake za mwanzo alizitunga kwa lahaja za kusini. Usikilize "Lu pisci spada", unaosimulia samaki dume mwenye pua ya upanga ambaye, jike wake anaponaswa na wavuvi, anakataa kumwacha na kuchagua kufa naye. Sauti yake humo inalia, inasihi, inamwigiza kila mhusika. Naamini ni uigizaji huohuo uliomfanya afungue mikono yote miwili jukwaani Sanremo, wakati waimbaji wenzake walizoea kusimama wima na mkono kifuani.

Muuliza swali:
Ahsanteni sana. Je, aliendelea kuimba hadi mwisho?

Jibu la tatu:
Mwaka 1984 alipatwa na kiharusi kilichompoozesha upande mmoja wa mwili. Mwaka 1987 alichaguliwa kuwa mbunge kupitia chama cha Radicali, akapigania kwa nguvu wagonjwa wa akili waliokuwa wakiishi katika hali ya kusikitisha katika hospitali ya Agrigento, Sicilia. Baadaye alirudi kuimba, na alifariki kisiwani Lampedusa tarehe 6 Agosti 1994. Polignano wamemjengea sanamu karibu na bahari, nayo imefungua mikono vilevile.